Kiwiko cha Kijana wa Iowa

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa Emil Hrabik ni kwamba mikono yake haikufanana. Wa kushoto ulikuwa wa kahawia, umekauka na kujaa madoa kuanzia vidoleni hadi pale shati lilipoanzia. Wa kulia ulikuwa mweupe kama wa karani wa benki. Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi. Niliposafiri naye kwa gari mara ya kwanza ndipo nilipoelewa: aliendesha kioo kikiwa kimeteremshwa, mkono wa kushoto nje ya dirisha, jua likiuchoma. Alikuwa ameendesha hivyo kila kiangazi kwa miaka thelathini na mitatu, kutoka Ohio hadi Nebraska na kurudi, akitafuta vijana wanaojua kucheza besiboli.

Alikuwa msaka vipaji wa klabu yetu, Wahunzi wa Harlan Bay. Kazi hiyo haimpi mtu jina. Watu elfu thelathini huingia uwanjani kwetu siku za Jumapili, na sidhani kama kumi kati yao waliwahi kulisikia jina la Hrabik. Alizaliwa nyuma ya kiwanda cha chuma, mtoto wa Mslovakia aliyefanya kazi tanurini. Katika ujana wake alikuwa mdakaji kwa miaka minne katika ligi za chini, akavunjika vidole viwili vikapona vimepinda, na hakuwahi kupanda ligi kuu hata kwa siku moja. Mke wake, Ludmila, alifariki mwezi wa Julai, miaka mitatu kabla sijaajiriwa. Siku hiyo Emil alikuwa Nebraska akimwangalia mdakaji ambaye sasa anauza bima. Haya sikuambiwa na yeye. Aliniambia mama anayepokea wageni ofisini, akanisihi nisiyataje, hasa mwezi wa Julai.

Kati ya vijana wote aliowapendekeza, tisa walifika ligi kuu, na mmoja tu alidumu. Huyo ni Marcellus Pruitt, ambaye mji mzima unamwita Celly. Emil alimkuta ana miaka kumi na saba, kusini mwa Ohio, akipiga tairi kuukuu lililoning'inizwa nyuma ya gereji ya mjomba wake, mvua ikinyesha. Ripoti aliyoituma ilikuwa na sentensi moja: "Kitu chochote kikiguswa na gongo la kijana huyu kinalia tofauti." Ofisini walicheka. Klabu zilipochagua vijana wapya kwa zamu, walimchukua katika raundi ya kumi na moja, vijana mia tatu wakiwa wamekwisha kuchaguliwa mbele yake. Sasa Celly alikuwa na miaka thelathini na mitano, kumi na miwili kati ya hiyo katika ligi kuu, yote kwetu. Amepiga mipira mingi nje ya uwanja kuliko mtu yeyote katika historia ya klabu. Lakini kila Oktoba, timu bora zinapowania ubingwa, yeye huwa amekaa nyumbani.

Kiangazi hicho nacho hakikuwa tofauti. Ilipofika katikati ya Julai tulikuwa nyuma ya vinara kwa michezo kumi na minane, na kila mtu alijua kitakachofuata. Timu isiyo na tumaini huwatoa wakongwe wake kwa timu zenye tumaini, ikapewa chipukizi. Mwisho wa kufanya hivyo ni saa kumi na mbili jioni, siku ya mwisho ya Julai. Klabu moja ya pwani ya magharibi ililitaka gongo la Celly kwa miezi miwili iliyobaki. Badala yake ilitoa mrushaji wa miaka ishirini, Wade Tolliver, aliyekuwa akikuzwa katika timu yao ndogo huko Iowa.

Celly alikuwa na haki ya kukataa. Mchezaji mwenye miaka kumi katika ligi, mitano ya mwisho katika klabu moja, hahamishwi bila saini yake. Lakini kabla ya kufika kwake, meneja mkuu wetu, Graham Lindqvist, alitaka kujua kama huyo Tolliver anastahili. Akatutuma wawili: Emil aende na macho yake, mimi niende na kompyuta yangu.

Tulikaa Iowa siku sita, tukamwona Tolliver akirusha mara mbili. Uwanja ulikuwa mdogo, umezungukwa na mahindi pande tatu, na tulikaa nyuma ya mdakaji ambako wavu humkinga mtazamaji.

"Maili tisini na nane," nilisema, nikimwonyesha kipima kasi.

"Nimeisikia."

"Hujaangalia hata kidogo, mzee."

"Profesa, nilidaka mipira miaka minne." Aliniita hivyo tangu siku aliyoambiwa kwamba nimesoma takwimu. "Vidole vyangu vinajua tisini na nane inafananaje. Nipe hizo mbegu."

Nilimpa mfuko wa mbegu za alizeti. Alitafuna taratibu, akitema maganda kwenye kikombe cha karatasi, wala hakuandika kitu. Tolliver aliwatoa wapigaji sita mfululizo. Mpira wake wa kujipinda ulianguka ghafla kama uliokatwa kamba. Nilikuwa nimejaa furaha, nakiri. Namba kama zile nilikuwa sijaziona kwa kijana wa umri ule.

"Sasa anarudi benchi," Emil alisema. "Usimtazame usoni. Tazama kikombe cha maji."

Nilitazama. Tolliver, anayerusha kwa mkono wa kulia, alichukua kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Watu hunywa kwa mkono wowote," nilisema.

"Kweli kabisa. Subiri."

Tulisubiri. Tolliver alifungua lango la uzio kwa mkono wa kushoto. Akajikuna sikio la kulia kwa mkono wa kushoto, akiuvusha mbele ya uso wake wote kama mtu anayefukuza nzi wa jirani. Kila baada ya kurusha mpira wa kujipinda aliuingiza mkono wa kulia ndani ya glavu na kuusokota kidogo, mara moja, haraka.

"Kiwiko," alisema Emil.

"Kasi yake haijapungua hata maili moja. Ningeliona hilo kwenye namba."

"Utaliona. Utaliona mwakani, akiwa amelala mezani kwa daktari, na sisi tumekwisha mtoa Celly."

"Rekodi zao za hospitali ni safi, nimezisoma."

"Rekodi huandikwa mtu anapolalamika. Wewe ungekuwa na miaka ishirini, baba yako ameuza trekta ili ununue viatu vya kuchezea, ungelalamika?"

"Baba yake aliuza trekta?"

"Sijui. Wote huwa wameuza kitu."

Siku ya mwisho tulikula katika mkahawa ulio karibu na uwanja, nyama ya nguruwe ya kukaanga, pana kuliko mkate uliowekwa ndani yake. Emil hakuila. Alikuwa anaizungusha sahani kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Profesa, nikuulize kitu, na usinijibu kwa adabu."

"Uliza."

"Kama anayetolewa asingekuwa Celly, ningekiona hicho kiwiko?"

Nilimwambia sijui.

"Basi tuko wawili," alisema, akamwita mhudumu.

Katika kazi yetu kipaji hupewa alama kuanzia ishirini hadi themanini, na hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Alama ya themanini msaka vipaji anaweza kuitoa mara mbili maishani. Nilichungulia fomu yake mchana ule. Mkono wa Tolliver alikuwa ameupa sabini. Moyo, sitini na tano. Pale chini, kwenye nafasi ya maoni, palikuwa patupu. Alisema atapajaza tukifika nyumbani.

Tulifika Harlan Bay siku moja kabla ya mwisho wa Julai. Tulikuta Celly anamsubiri Emil kwenye maegesho ya wafanyakazi, amekaa juu ya boneti ya gari lake, miguu inaning'inia. Nilitaka kuondoka, Emil akanishika begi. Nadhani hakutaka kubaki peke yake.

"Mzee wangu!" Celly aliruka chini. "Umenona. Iowa wanakulisha nini?"

"Na wewe umekonda. Ndiyo maana mipira yako siku hizi inaishia mikononi mwa watu."

"Tusi hilo. Mbele ya mgeni." Alicheka, halafu akaacha. "Umemwona huyo mtoto wao?"

"Unajua siruhusiwi kusema."

"Najua. Sikuulizi siri za ofisi. Nakuuliza kama mtu aliyekunywa kahawa jikoni kwa mama yangu. Nataka kwenda, mzee."

Njia nzima kutoka Iowa Emil alikuwa amejiandaa kumtetea mtu asiyetaka kuhama.

"Nilidhani utakataa," alisema.

"Mji mzima unadhani hivyo. Wananiletea keki, wanalia, wananiambia 'Celly, usituache.' Nami nawapenda, Mungu anajua. Lakini nina miaka thelathini na mitano na goti la mtu wa sitini. Oktoba zote kumi na mbili nimekaa kwenye kochi na soda, naangalia watu niliowashinda Mei wakivaa pete za ubingwa. Hao wa magharibi wana nafasi. Ni wao tu nitakaowasainia. Ikipita kesho, imepita." Alimshika Emil bega. "Niambie jambo moja tu. Huyo mtoto, mkono wake mzuri?"

"Mkono wake mzuri," alisema Emil.

"Basi! Tumemaliza!" Celly alimpiga mgongoni hadi kofia ikamteleza. "Nilijua hutaniangusha."

Alipoondoka, Emil alirudi kwenye gari lake akakaa, mlango wazi, fomu ikiwa juu ya usukani. Aliniomba kalamu. Nilifahamu kilichokuwa kinapimwa pale. Akiliacha lile pengo la maoni tupu, Celly angepata Oktoba yake, na hakuna mtu ambaye angemlaumu, kwa kuwa namba zangu zilikuwa upande huo huo. Akilijaza, angemfungia mlango mtu aliyekuwa kwake karibu na mtoto. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mlinzi alikuja kuuliza kama betri imekufa. Ndipo alipoandika: "Kiwiko kinamuuma. Anaficha. Msimchukue."

Kesho yake asubuhi tulikaa ofisini kwa Lindqvist, chumba chenye dirisha kubwa linaloangalia uwanja wote. Lindqvist ana miaka thelathini na minane, hunywa chai ya majani ambayo haina jina, na si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu katika mji wetu siku hizi ni vigumu kulisema.

"Emil," alianza, "nakuheshimu. Sote tunakuheshimu. Lakini niambie ukweli. Hii ni ripoti ya Tolliver, au ni ripoti ya Celly?"

"Jina liko juu ya karatasi."

"Ulimtoa kwenye gereji. Ulikaa jikoni kwa mama yake. Mtu yeyote angekuwa na..."

"Bosi, Celly anataka kuondoka."

"Wakala wake ameniambia. Ndiyo maana nakuuliza."

"Basi kama ningekuwa naandika kwa ajili ya Celly, ningeandika nini?"

Lindqvist alinigeukia. Nilisema yale niliyokuwa nayo: kwamba kasi haijapungua, kwamba rekodi ni safi, na kwamba vilevile nilikiona kile kikombe cha maji, na lile sikio, na sikuwa na namba ya kuyapima. Lindqvist alijikuna kichwa. Mwishowe alisema kwamba wale wa magharibi wana kijana mwingine, mrushaji wa mkono wa kushoto, si mkali kama Tolliver lakini mzima. "Nitaomba huyo. Wakikubali, Celly anaondoka. Wakikataa, tuna mpaka saa kumi na mbili kuvutana. Sawa?"

"Sawa," alisema Emil. Kwa mara ya kwanza tangu Iowa niliona mabega yake yakishuka. Celly angepata Oktoba yake, klabu ingepata mkono mzima, na yeye asingekuwa amemdanganya mtu.

Mchezo wa siku hiyo ulianza saa saba mchana, joto la kuyeyusha lami. Tulibaki kwa Lindqvist, simu yake ikiwa mezani. Watu wa magharibi walikuwa wamesema watajibu kabla ya saa kumi. Kufikia awamu ya tano kati ya tisa tulikuwa tumefungwa mbio kumi na moja, sisi tuna moja tu. Hapo kocha wetu, Bud Ostrander, akafanya jambo ambalo siku nyingine yoyote lingekuwa la busara. Alimwonea huruma mkongwe wake. Mchezo umekwisha potea, jua kali, goti linamuuma, kwa nini aendelee kusimama uwanjani? Akamtoa, akamwingiza mwingine.

Alisahau tarehe.

Kwetu kila mtu anajua maana ya mchezaji kutolewa katikati ya mchezo mwishoni mwa Julai bila kuumia. Maana yake amekwisha hamishwa, na ofisi haitaki avunjike mguu kabla karatasi hazijakauka. Naye hukumbatiwa palepale kwenye benchi, kwa kuwa baada ya saa moja atakuwa kwenye ndege. Celly alipoteremka ngazi za benchi, Dario Quiñones, mchezaji wetu anayelinda kituo cha tatu, mwenye miaka ishirini na miwili na machozi ya karibu, alisimama akamkumbatia. Wa pili akasimama. Wa tatu. Kamera za televisheni zikageuka.

"Wanafanya nini wale?" alisema Lindqvist.

"Ostrander amemtoa," alisema Emil, amesimama karibu na kioo. "Mungu wangu. Amemtoa apumzike."

"Mpigie Ostrander!"

Nilipiga. Simu ya benchi ililia bila kupokelewa, kwa kuwa Ostrander naye alikuwa kwenye foleni ya kumkumbatia, akiamini kwamba ofisi imemwambia mtu fulani na kusahau kumwambia yeye. Nje, upande wa kushoto wa uwanja ulisimama, halafu wa kulia, halafu wote. Watu elfu ishirini na saba walipiga makofi, timu yao ikiwa imefungwa kumi na moja kwa moja. Celly mwenyewe aliamini. Alipanda tena ngazi, akavua kofia, akaizungusha polepole kuelekea kila upande, akafunika uso kwa mkono.

Simu ya mezani ikalia. Lindqvist aliweka sauti ya wazi.

"Hongereni," alisema mtu wa magharibi, akicheka. "Tunaona kwenye televisheni. Kumbe mmeshaamua. Basi tusisumbuane na yule wa mkono wa kushoto, huyo hatumtoi. Ni Tolliver, kama tulivyosema mwanzo. Nitume karatasi?"

Lindqvist alibonyeza kitufe cha kunyamazisha. Alitazama dirishani.

"Ilikuwa makosa," alisema Emil. "Mwambie ilikuwa makosa. Una saa tatu."

"Na wale niwaambie nini?" Alionyesha uwanja. "Poleni, futeni machozi, kesho yupo kama kawaida? Na Celly nimwambie nini? Umeaga mji mzima, sasa vaa tena jezi?"

"Mwambie kiwiko cha kijana kinauma."

"Emil, sina kiwiko. Nina kikombe cha maji."

Hakusema kwa dharau. Hilo ndilo lililomuumiza mzee, nadhani, kuliko kama angesema kwa dharau. Lindqvist alibonyeza kitufe tena, akasema, "Tuma."

Emil alishuka kwenye chumba cha wachezaji, nami nikamfuata. Celly alikuwa anajaza begi. Alikuwa amekumbatiana na kila mtu mle ndani: wachezaji, daktari, hata mzee anayefua jezi. Wakala wake alikuwa amesimama pembeni na simu sikioni. Wakala huyo alikuwa amezungumza na watu wa magharibi, na watu wa magharibi walikuwa wameuliza ni nani kwetu alikuwa anamkataa Tolliver; naye akaulizia ofisini, akaambiwa ni Emil, aliyeandika 'msimchukue', bila kuambiwa sababu.

"Kumbe ni wewe," alisema Celly bila kugeuka.

"Celly."

"Nilikuja kwako na moyo wangu mkononi. Ukaniambia mkono wake mzuri. Halafu ukaenda ukaandika 'msimchukue.' Uliniandikia hukumu, mzee."

"Nilimwandikia yeye. Si wewe."

"Mkono wake mzuri au si mzuri?"

Emil alifungua kinywa. Nilijua alichotaka kusema, na nilijua kwa nini hakukisema. Kuanzia saa ile Celly alikuwa mtu wa klabu nyingine, na kiwiko kilikuwa siri ya klabu yetu. Zaidi ya hayo, ni nani angependa kuambiwa siku kama ile kwamba miaka yake kumi na miwili imebadilishwa kwa kitu kibovu?

"Ni mzuri," alisema.

"Basi ulitaka tu kuniweka hapa. Kama kombe kwenye kabati." Celly alifunga zipu. "Na ningekusamehe, unajua, kama ungeniambia usoni."

Alimpa mkono. Chumba kizima kiliona. Watu wote walikumbatiwa siku ile, na Emil Hrabik alipewa mkono, kama mwandishi wa habari.

Wiki iliyofuata Lindqvist alimwita Emil akamwambia kwamba kuhusu mkataba wake watazungumza Oktoba. Ofisini kwetu watu wanaoambiwa hivyo huanza kupeleka vitu vyao nyumbani kidogo kidogo, lakini Emil hakuwa na meza, kwa hiyo hapakuwa na cha kupeleka. Celly alipiga mipira miwili nje ya uwanja katika mchezo wake wa tatu huko magharibi. Emil aliitazama kwenye simu yangu, akaomba nirudie, akanirudishia simu. Alikuwa amempigia Celly mara nne na hakujibiwa.

Tolliver alipelekwa kwenye timu yetu ndogo ya Corvin, mwendo wa dakika arobaini kutoka mjini. Walimpumzisha siku kumi na mbili kwa sababu ya safari, ndivyo gazeti lilivyosema, na wakapanga mchezo wake wa kwanza uwe Jumamosi mchana. Tiketi ziliisha siku moja. Mji uliokuwa umempoteza Celly ulitaka kuona ulichopewa.

Emil hakutumwa. Alinunua tiketi yake mwenyewe, nyuma ya wavu, nami nilikaa naye na kipima kasi kwa kuwa mimi nilitumwa. Karibu yetu palikuwa na bango kubwa la kitambaa: TUONYESHE, WADE.

"Unataka iweje?" nilimuuliza.

"Swali gani hilo."

"Nauliza tu."

"Kikiwa kizima, basi sikuona kiwiko kule Iowa. Nilimwona Celly tu, nikamwita kiwiko. Na kama nilikosea hapo, sijui nilikosea wapi pengine, miaka yote hii." Alikuwa anamtazama Tolliver akijipasha joto. "Kikiwa kibovu, nilikuwa sahihi, na kijana wa miaka ishirini amekwisha. Sasa niombe kipi, Profesa? Wewe uliyesoma."

"Omba kiwe kizima."

"Nimejaribu. Tangu asubuhi najaribu. Kuna kitu ndani yangu kinakataa." Alisema hivyo kwa hasira, lakini hakuwa amenikasirikia mimi. "Miaka sitini na minane. Nimekaa kwenye jua hili namwombea mtoto wa mtu avunjike."

Mama mmoja mbele yetu aligeuka akamtazama, akageuka tena haraka.

Tolliver alipanda kwenye kilima cha mrushaji. Alirusha mipira minane ya kupasha joto, yote ya moja kwa moja. Kipima kasi kilionyesha tisini na saba, tisini na saba, tisini na nane. Watu walipiga kelele kila namba ilipotokea ubaoni. Wa kujipinda hakuurusha hata mmoja.

"Hajaurusha," nilisema.

"Nimeona."

Mwamuzi alivaa kinyago chake. Mpigaji wa kwanza alisimama mahali pake, akachimba udongo kwa kiatu. Mpira wa kwanza ulikuwa wa moja kwa moja, wa pili pia, na mpigaji aliikosa yote miwili. Uwanja mzima ulisimama. Mdakaji alichuchumaa, akashusha vidole viwili kati ya mapaja, ishara ya mpira wa kujipinda. Tolliver alitikisa kichwa kukataa. Mdakaji alirudia ishara ile ile. Emil alikuwa ameshika wavu kwa mikono yote miwili, ameacha kutafuna. Tolliver alitazama chini, akaipangusa midomo yake kwa bega, kisha akakubali kwa kichwa, akauzungusha mpira ndani ya glavu akitafuta mshono, na akaanza kuinua mguu.